KUFUMBUA MAFUMBO YA SATARANJI BILA KUSAIDIWA



Mara nyingi katika gazeti letu tunasoma masomo ya hesabu, ya Kifaransa na ya afya. Safari hii tunaleta somo juu ya mchezo wa sataranji, ule ambao kwa Kifaransa unaitwa échecs. Wengine watauliza: Je, mchezo ni somo? Tunajibu: Ndiyo, mchezo huu ni somo, kama mtu anaucheza kwa akili yake mwenyewe. Kama anaucheza kwa akili ya mwenzake, si somo tena, ni kupoteza mafuta ya taa bure.

Hatutaki kufundisha mchezo wote hapa. Wale ambao hawajui bado namna kete zinavyokwenda, waombe wenzao wawaonyeshe. Ni kazi ya jioni mbili tatu tu. Sisi tunataka kusema juu ya mafumbo. Fumbo la sataranji ni kete chache zilizopangwa juu ya ubao, pamoja na swali moja: Mweupe anaanza, afanye nini apate kushinda? Au: Afanye nini apate kuponyoka? Njia iko, lakini imefichwa vizuri.

1. SABABU YA SOMO HILI

Tumeona desturi moja ambayo haitusaidii. Kitabu cha mafumbo kinapita mkono kwa mkono. Mwanafunzi anapanga kete, anatazama ubao dakika mbili, kiisha anageuza kitabu na kutazama jibu kule nyuma. Anasema: "Aa, kumbe ilikuwa mnara! Mimi pia nilitaka kusema vile." Anapita kwa fumbo lingine. Kwa saa moja amemaliza mafumbo ishirini, na anakwenda kulala na furaha. Wengine wanasimama nyuma ya mtu anayewaza, nao hawawezi kunyamaza: "Ndugu, tazama ile pioni! Iko na njia!" Na siku hizi kuna telefone zenye programu ya sataranji. Unagusa kidogo tu, jibu linatoka hata mbele ya wewe kuelewa swali.

Tunda lake ni nini? Mwanafunzi yule anaweza kukariri mafumbo ishirini kama vile mtu anavyokariri majina ya mito. Lakini siku ya mechi, akiketi mbele ya mtu wa kalasi nyingine, hakuna wa kumwambia: "Hapa kuna hatua nzuri, itafute." Hatua nzuri inapita mbele ya macho yake naye haioni.

Ndivyo ilivyo hata kwa mitihani. Katika kalasi profesere anasema: "Leo tunatumia teorema ya Pythagore," na karibu kila mtu anaweza. Siku ya Examen d'Etat swali linakuja peke yake, halina mwenzi. Hakuna anayesema ni teorema gani. Yule aliyezoea kuonyeshwa njia anabaki kutazama dari.

Kidokezo, maana yake neno dogo la kumsaidia anayetafuta, kinaonekana kama zawadi. Lakini kinachukua kuliko kinavyotoa. Kwanza, kinachukua kazi ya kutafuta, na kazi ile ndiyo inayotia nguvu akili. Pili, kinafunga macho: ukiambiwa "tazama mnara", hutatazama tena kete nyingine. Tatu, na hili ndilo watu wengi hawalifikiri, kidokezo kinaweza kuwa cha uongo, hata kikichapwa katika gazeti na mtu mwenye elimu. Tutaonyesha hayo kwa ubao, si kwa maneno matupu.

2. UBAO NA MAJINA

Hatuwezi kuchora ubao vizuri kwa stensili, kwa hiyo tunaandika nyumba za kete, na kila msomaji azipange mwenyewe. Kama huna ubao, chora juu ya kartoni nyumba 64, nane kwa nane. Vifuniko vya chupa vinatosha kuwa kete, kama vile tunavyofanya kwa mchezo wa dame. Juu ya kila kifuniko andika herufi ya kete.

Mistari ya kusimama inaitwa a, b, c, d, e, f, g, h, kuanzia mkono wa kushoto wa Mweupe. Mistari ya kulala inahesabiwa 1 mpaka 8, kuanzia upande wa Mweupe. Basi nyumba a1 iko pembeni kabisa, kushoto kwa Mweupe, na nyumba h8 iko pembeni ya mbali, kuume kwake.

Kete tunaziita hivi: mfalme, malkia, mnara (anayekwenda wima na kulala), fu (yule ambaye kwa Kifaransa ni fou, anayekwenda mshazari), farasi, na pioni. Pioni wa Mweupe akifika mstari wa 8 anageuzwa kuwa kete nyingine, malkia au mnara au fu au farasi, kama mchezaji anavyotaka. Kumbuka neno hili, "anavyotaka", litatusaidia mbele.

Mfalme akitishwa, na hana pa kukimbilia wala namna ya kujiokoa, ni mati: mchezo umekwisha. Lakini kama zamu ni yake, naye hatishwi, na hana hatua hata moja anayoruhusiwa kufanya, ni pati: hakuna mshindi, ni sare.

3. FUMBO LA KWANZA: WEWE UWE ADUI

Fumbo hili watu wanalitaja kuwa la Paul Morphy, aliyezaliwa New Orleans, Marekani, mwaka 1837, akafa mwaka 1884. Alikuwa bado kijana sana alipolitunga.

Mweupe: mfalme c8, mnara a1, pioni b6.
Mweusi: mfalme a8, fu b8, pioni a7 na b7.
Mweupe anaanza, na anatoa mati kwa hatua mbili.

Hapa simama. Panga kete, weka gazeti chini, utafute kwanza. Kama hujatafuta, usisome mbele, karatasi haitakimbia.

Sasa tutafute pamoja. Wengi wanaanza kwa nguvu: mnara unakula pioni a7, mfalme anatishwa! Lakini fu wa b8 anaula mnara, na mati haipo. Wengine wanakula a7 kwa pioni wa b6. Fu anakula vilevile, na tena hakuna kitu. Nguvu peke yake haikutosha.

Basi tubadili swali. Mahali pa kuuliza "Mimi nifanye nini?", tuulize: "Kama zamu ingekuwa ya Mweusi, yeye angefanya nini?" Tuhesabu hatua zake zote, moja moja.

Mfalme wake hawezi kusogea, kwa sababu nyumba zote za kandokando zimejaa kete zake mwenyewe. Pioni b7 hawezi kusogea, kwa sababu mbele yake, kwa b6, amesimama pioni wetu. Pioni a7 hawezi kula b6, kwa sababu akitoka katika mstari wa a, mnara wetu unamtisha mfalme wake; amefungwa pale. Lakini anaweza kushuka moja kwa moja, a6 au a5. Fu anaweza kutoka b8. Lakini akitoka, mnara wetu unakula a7, nayo ni mati: pioni b6 anaulinda mnara, na mfalme wetu anailinda nyumba ya b8.

Tumepata nini? Mweusi ana hatua ya kuponyoka moja tu: kumshusha pioni a7. Hatua nyingine zote zinamwua. Basi kazi yetu ni ndogo kuliko tulivyodhani: tumzuie pioni yule asishuke. Nani atamzuia? Mnara, ukienda kusimama mbele yake, kwa a6!

Mnara a1–a6. Mtu akiiona hatua hii mara ya kwanza anacheka, kwa sababu pioni b7 anaweza kuula mnara bure. Na aule! Mara moja pioni wetu anatoka b6 kwenda b7, anamtisha mfalme. Mfalme hawezi kumla kwa sababu mfalme wetu anamlinda, wala hana nyumba ya kukimbilia. Mati. Na kama Mweusi hauli mnara, hana budi kumtoa fu, nasi tunakula a7 kwa mnara. Mati vilevile.

Angalieni namna jibu lilivyokuja. Halikushuka kutoka mbinguni kama umeme. Lilikuja kwa kuhesabu hatua za adui zote bila kuacha hata moja. Kama mtu angetuambia mwanzoni "toa mnara bure", tungepata mati, lakini tusingepata namna. Kesho kwa fumbo lingine tungekuwa maskini kama jana.

4. FUMBO LA PILI: JIBU LILILOCHAPWA LILIKUWA LA UONGO

Sasa twende Scotland, katika mji wa Glasgow, mwaka 1895. Kulikuwa na gazeti lililoitwa Glasgow Weekly Citizen, na ndani yake Georges Emile Barbier aliandika ukurasa wa sataranji. Mwaka ule alichapa fumbo lililotoka katika mechi ya kweli, mechi ya Potter na Fenton ya mwaka 1875, iliyokwisha kwa sare. Upande mmoja una pioni mmoja anayekaribia kugeuka, upande wa pili una mnara. Barbier aliwaonyesha wasomaji wake kwamba mwenye mnara anaweza kuponyoka kwa akili nzuri sana, na mchezo ukawa sare. Jibu likachapwa.

Hivi ndivyo watu wanavyolipanga fumbo hili siku hizi:

Mweupe: mfalme b6, pioni c6.
Mweusi: mfalme a1, mnara d5.
Mweupe anaanza.

Tuone kwanza alichoona Barbier. Pioni anakwenda c7, na hatua inayofuata atageuka. Mnara hauwezi kumpata, basi unamtisha mfalme kutoka d6. Mfalme aende wapi? Akienda b7 au a7, mnara unakwenda d7, na pioni amefungwa: akisogea, mfalme wake anatishwa. Kwa zamu inayofuata mnara utamla, na mchezo ni sare. Akienda c5, mnara unashuka d1. Pioni akigeuka malkia pale pale, mnara unamtisha mfalme kutoka c1, na mfalme akikimbia, mnara unamla malkia nyuma yake. Kwa hiyo mfalme anashuka b5. Mnara unatisha kutoka d5, mfalme b4. Mnara d4, mfalme b3. Mnara d3, mfalme c2. Sasa mnara hauna tena mahali pazuri pa kutisha, na pioni atageuka.

Lakini Mweusi ana mtego wa mwisho: mnara unarudi d4. Pioni anafika c8, anageuka malkia. Mnara unakwenda c4, unamtisha mfalme! Malkia anaula mnara, na tazama mfalme mweusi kule a1: hatishwi, lakini a2 inalindwa na malkia, b1 na b2 zinalindwa na mfalme mweupe. Hana hatua. Pati. Sare!

Mtego huu ni mzuri kabisa, na kila msomaji aliyeuona angeweza kupiga makofi na kufunga gazeti. Jibu limechapwa, mwandishi ni mtu anayejua mchezo, njia imeonyeshwa hatua kwa hatua. Kuna nini tena cha kutafuta?

Katika mji ule alikaa padri mmoja Mhispania, jina lake Fernando Saavedra. Hakuwa mchezaji wa kutajwa katika magazeti. Hata leo anajulikana kwa hatua moja tu ya maisha yake. Yeye hakufunga gazeti. Alitazama ubao, si maneno. Na aliuliza swali ambalo mtoto wa shule angeweza kuliuliza: Ni nani aliyesema pioni lazima ageuke malkia?

Rudini kwa mnara d4. Pioni anafika c8, naye anageuka MNARA. Sasa mtego umekufa. Mnara mweusi ukija c4 kutisha, mnara wetu unaula, na mfalme mweusi si mfungwa tena, kwa sababu mnara wa c4 haulindi a2 kama malkia alivyoilinda. Mchezo unaendelea, nasi tunashinda. Tena mnara wetu mpya unatishia kwenda a8 na kutoa mati. Mweusi hana njia nyingine, anauleta mnara wake a4 kuziba. Ndipo mfalme wetu anakwenda b3. Hatua moja, kazi mbili: anataka kuula mnara wa a4, na pia mnara wetu unataka kushuka c1 kutoa mati. Mweusi hawezi kufanya mawili kwa zamu moja. Mweupe ameshinda.

Barbier alichapa habari ya hatua hii katika gazeti lake mwaka ule ule wa 1895. Padri Saavedra alikufa mwaka 1922, lakini jina lake wachezaji wa sataranji wanalitaja mpaka leo, kwa ajili ya mnara ule mmoja. Yeye alikuwa padri wa Katoliki, na sisi ni shule ya Kiprotestanti, lakini hatua nzuri ni hatua nzuri, nasi tunamshukuru.

Wandugu, pimeni jambo hili. Wasomaji waliambiwa: "Ni sare." Neno lile lilikuwa kidokezo, na lilikuwa la uongo. Lilifunga macho ya wale walioliamini. Hata neno "geuka" lilikuwa kidokezo cha uongo, kwa sababu ya mazoea: mechi mia moja pioni anageuka malkia, basi mkono unamchukua malkia mbele ya akili kuuliza. Hakuna mwenye nguvu kuliko mazoea, ila yule anayetazama tena.

5. FUMBO LILILOKAA KARIBU MIAKA ELFU

Mtu mwingine atasema: "Mimi nimetafuta jioni nzima sikupata. Basi nina haki ya kutazama jibu." Huyu tunamwambia habari ya as-Suli.

Sataranji ilitoka India, ikaja Uajemi, kiisha Waarabu wakaipokea na kuipeleka mbali. As-Suli aliishi Bagdad katika karne ya 10, akacheza mbele ya makhalifa. Aliacha fumbo moja lenye kete chache tu, kwa sheria za zamani zilizokuwa mbali kidogo na sheria zetu. Jibu hakuliacha. Wachezaji wakatafuta, wakafa. Wengine wakatafuta, wakafa. Katika miaka ya 1980 bwana mmoja wa Moscow, Yuri Averbakh, aliyejua sana michezo ya mwisho yenye kete chache, alionyesha njia yake. Karibu miaka elfu ilikuwa imepita.

Hatusemi kila mwanafunzi angoje miaka elfu. Tunasema tu kwamba kukosa jibu jioni moja si aibu, wala si ugonjwa unaotaka dawa usiku ule ule. Fumbo lisilofumbuliwa bado linafanya kazi kichwani. Mtu analala nalo, anakwenda shamba nalo, na pengine akichota maji asubuhi anaona kitu ambacho taa ya jana haikumwonyesha. Aliyetazama jibu amejinyima asubuhi ile.

6. NJIA YA KUFUATA

Tumekusanya hapa mashauri machache. Unaweza kuyaandika mwanzoni mwa kaye yako.

(a) Panga kete mwenyewe, kiisha hakikisha kila moja iko katika nyumba yake. Fumbo lililopangwa vibaya halina jibu.

(b) Soma swali vizuri. Ni nani anayeanza? Anatafuta mati, au ushindi, au sare tu? Mtu anayetafuta ushindi mahali ambapo sare ndiyo wokovu atapotea.

(c) Hesabu hatua za adui mbele ya hatua zako, kama tulivyofanya kwa Morphy. Uliza: Ana hatua ngapi? Ipi inamwokoa?

(d) Jaribu kwanza hatua za nguvu: kutisha, kula, kutishia mati. Zikishindwa, usizitupe, uliza kwa nini zimeshindwa. Mara nyingi sababu ya kushindwa ndiyo mlango wa jibu.

(e) Hatua unayoicheka, itazame mara ya pili. Kutoa kete bure, kurudi nyuma, kuchukua mnara mahali pa malkia: hapo ndipo mafumbo yanapojificha.

(f) Andika jibu lote kwa kalamu mbele ya kusogeza kete yoyote, pamoja na majibu yote ya adui. Anayesogeza kete kwanza anacheza kwa mikono.

(g) Ukimaliza, geuza ubao. Kaa upande wa adui, ujaribu kwa moyo wote kuvunja jibu lako mwenyewe. Kama hukuweza, mwite mwenzako ajaribu.

(h) Nusu saa ikipita bila kitu, funga. Kesho anza upya, tena upange kete upya. Usitazame jibu; na kama unamtazama mwenzako akitafuta, funga kinywa. Kunyamaza mbele ya mtu anayewaza ni adabu, tena ni upendo.

Shauri la (g) ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu linajibu swali ambalo wengi wametuuliza: "Kama hakuna jibu la kutazama, nitajuaje kwamba nimepata?" Utajua kwa ubao. Jibu la sataranji si la kweli kwa sababu limechapwa nyuma ya kitabu; ni la kweli kwa sababu adui amejaribu kila hatua akakosa kuponyoka. Jibu la Barbier lilichapwa, likaanguka. Jibu la Saavedra watu wamelijaribu kwa miaka zaidi ya 100, bado limesimama.

Katika Matendo ya Mitume tunasoma habari za watu wa Beroya. Aliyewahubiri alikuwa Paulo mwenyewe, lakini hawakuona haya kuchunguza Maandiko kila siku, wajue kama mambo aliyoyasema ni kweli. Wala hawakugombezwa, walisifiwa. Kama neno la mtume lilipimwa, si zaidi sana jibu lililoandikwa kwa krayo katika kaye ya mwenzako? Profesere akiandika jambo ubaoni, mpe heshima, kiisha pima kwa kichwa chako. Anayepima anaelewa, na anayeelewa hahitaji kunakili.

7. KAZI YA NYUMBANI

Fumbo hili lilitungwa na Richard Réti mwaka 1921. Réti alizaliwa mwaka 1889 katika mji wa Pezinok, ambao leo uko Slovakia, akafa mwaka 1929. Kete ni nne tu. Hata mwenye vifuniko vinne vya chupa anaweza kulipanga.

Mweupe: mfalme h8, pioni c6.
Mweusi: mfalme a6, pioni h5.
Mweupe anaanza, na anapata sare.

Kumbuka, pioni wa Mweusi anashuka kuelekea mstari wa 1. Hesabu hatua zake, utaona mfalme mweupe amechelewa hatua mbili kumfikia. Hesabu tena hatua za mfalme mweusi mpaka kwa pioni wetu wa c6, utaona yuko karibu. Mtu akitazama haraka atasema: "Hapa mambo yamekwisha, Mweupe amekufa." Lakini Mweupe hakufa.

Jibu hatutalichapa, si katika namba hii, wala katika namba itakayofuata. Msitungoje, wala msije kutuuliza kwa siri baada ya ibada. Anayedhani amepata aje siku ya michezo na kaye yake, ambamo ameandika hatua zote. Atacheza Mweupe, na mtu yeyote anayetaka atakaa upande wa Mweusi: mkubwa, mdogo, hata profesere. Mweusi atajaribu kumkimbiza pioni wake, atajaribu kumla pioni wa c6, atajaribu yote mawili kwa zamu. Kama kila mara mchezo unaisha sare, ubao wenyewe umesahihisha, na hakuna haja ya jibu la kitabu. Kama umevunjika, rudi kwa (c), uanze tena bila haya.

Waalimu nao tunawakaribisha. Tunaomba jambo moja tu: wasiwaulize wanafunzi wao jibu.

Tunawatakia kazi njema na subira. Mungu aliyetupa akili na atusaidie kuitumia.